Rupia Isiyotiwa Plastiki

Mjini Lubumbashi, karatasi isiyotiwa plastiki ni karatasi ambayo mwenyewe haijali. Cheti cha ubatizo kinatiwa plastiki, diploma inatiwa plastiki, cheti cha ndoa, kadi ya mpiga kura, picha ya marehemu, hata karatasi ya kiwanja ambacho watu watatu wanakigombania. Mvua za huku haziombi ruhusa kupita kwenye bati, na mchwa hawajui kusoma: diploma na gazeti kwao ni chakula kimoja. Kwa hiyo mtu akipata karatasi ya maana hamalizi nayo wiki mkononi. Anaipeleka kwa mama Régine.

Kibanda chake kiko mbele ya ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, cha tatu katika safu ya vibanda vinne, na vyote vinne vinafanya kazi hiyo hiyo. Ukimuuliza kwa nini watu wanapanga foleni kwake wakati jirani yake Clément amekaa anakuna ndevu, atakujibu kwamba Clément anafunga karatasi kama mtu anayefunga sombe, ndiyo kisamvu, sokoni. Clément atakujibu kwamba Régine ana mdomo. Wote wawili wanasema kweli. Lakini umeme ukikatika ndipo utamjua Régine ni nani. Wenzake wanakaa kusubiri. Yeye anawasha pasi yake ya makaa, anatandika kitambaa cha pamba juu ya plastiki, anasubiri mpaka mate yalie kwenye chuma, kisha anapitisha pasi taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Kazi inatoka laini, bila kiputo kimoja cha hewa.

Ana miaka sitini na moja, ni mjane, na anakaa Naviundu. Baba yake alikuwa mtu wa reli, wa kutoka Kabalo, na alimlea mtaani Kamalondo kwa misa ya asubuhi na fimbo ya jioni. Vidole vyake vinajua karatasi kuliko macho yake. Mpe cheti cha kughushi, atakipapasa na kukurudishia bila neno, ila atakutazama mpaka uone haya mwenyewe.

Sasa sikiliza ajabu. Mama huyu ambaye ameufunga mji mzima ndani ya plastiki, nyumbani kwake ana karatasi thelathini na mbili ambazo mashine haitazigusa maishani. Ni noti. Si dola wala faranga. Ni rupia za Wajerumani, za vita vya kwanza vya dunia.

Habari yenyewe ni hii. Vita vile vilipoanza, Wajerumani walikuwa wakitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, na adui wakawafungia bahari. Noti zilizokuwa zikichapwa Ulaya hazikufika tena. Serikali isiyo na pesa hailali usingizi, basi benki yao ikaanza kujichapia noti za dharura huko huko, Dar es Salaam, kisha Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hata ile nene ya kahawia ya kufungia mizigo. Makarani walitia sahihi kwa mkono, moja moja, siku nzima. Mwishoni, walipokuwa wakikimbizwa porini, walifikia hadi kugonga herufi kwa mihuri ya mpira, herufi zimekaa kombo kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Na upande wetu? Wabelgiji walikusanya vijana wa Kongo kubeba mizigo ya jeshi: risasi, unga, machela ya wagonjwa. Walibeba mpaka Tabora, mwaka wa 1916, na wengine mwaka uliofuata wakabeba hadi Mahenge. Wengi hawakurudi. Waliorudi, baadhi yao walikuwa na noti hizo zimeshonwa ndani ya nguo, na walipozitoa kwenye maduka ya nyumbani waliambiwa ni karatasi ya kuwashia moto.

Mmoja wao alikuwa babu yake Régine, mzee Nkulu. Alikwenda Tabora na sanduku la risasi kichwani. Siku moja kabla ya kuanza safari ya kurudi, aliuza blanketi lake sokoni kwa rupia moja ya karatasi, akifikiri atanunua chumvi njiani. Kesho yake hakuna aliyeipokea ile rupia. Mjerumani ameshaondoka, pesa yake imeondoka naye. Mzee Nkulu alirudi mpaka Kabalo akilala baridi, na tangu siku hiyo mpaka anakufa aliiita ile noti "bulangeti yangu". Régine alipokuwa na miaka saba au minane, mzee alimwekea noti ile begani na kumuuliza kama anasikia joto. Mtoto alijibu ndiyo, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Noti ile ilipomfikia Régine kwa urithi, alikuwa amenunua mashine yake mpya wiki ile ile. Wewe ungefanya nini? Kitu unachokipenda unakitanguliza. Kabla ya mteja wa kwanza, kabla ya cheti chochote cha mtu, Régine alipitisha rupia ya babu yake kwenye mashine. Ikatoka inang'aa. Aliitundika ukutani mwa kibanda, na aliona fahari, na mimi simlaumu hata kidogo.

Noti ile ukutani ndiyo iliyoanza yote. Watu waliokuja na vyeti vyao waliitazama na kusema, "Tiens, na siye tuko na moja sawa hii ku nyumba." Régine alikwenda kuona. Moja ilikuwa ndani ya kitabu cha sala, nyingine ndani ya pembe ya kuhifadhia tumbako. Wengine walimpa, wengine walimuuzia, naye kila aliyoipata aliitia plastiki kwa upendo ule ule. Zilifika sita.

Ndipo akaja mwalimu Edouard. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mtu mwembamba wa koti moja, amekuja kutoa nakala za karatasi zake za pensheni. Aliinua macho, akaona zile noti sita ukutani, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeingia kwenye matanga, "nani alizifanyia hivi?"

"Miye," akajibu Régine, bado anatabasamu.

Mwalimu Edouard alimweleza polepole, bila kumdharau. Kwamba joto la mashine hukausha karatasi ya zamani. Kwamba gundi ya plastiki hunywa wino, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwamba karatasi ikishaingia mle haitoki tena, na kwamba popote duniani ambako watu wanazikusanya noti hizi, iliyotiwa plastiki huhesabiwa kuwa imekufa. Régine alisogea ukutani, akaitazama ile ya babu yake kwa karibu kama hajaiona miaka mingi. Sahihi ya karani, iliyokuwa nyeusi mzee alipomwekea begani, ilikuwa imebaki kivuli cha rangi ya chai.

Siku hiyo alifunga kibanda saa nne asubuhi. Alizishusha zote sita. Tano alizificha ndani ya sanduku nyumbani. Ya babu aliiweka ndani ya kitabu chake cha misa, na kitabu ndani ya mkoba, na mkoba ulikwenda naye kila mahali. Hakumwonyesha mtu tena.

Mwingine angeacha. Yeye ndipo alipoanza kwa kweli. Mwalimu Edouard alimfundisha kuzilaza noti katika bahasha za karatasi kavu, mbali na jua na jiko, na alipofariki alimwachia kitabu chake kikubwa chenye picha za noti hizo zote, aina kwa aina. Lakini namna ya kuzitafuta aliibuni Régine mwenyewe. Mjini hapa, mzee akifa, familia hubaki na sanduku la karatasi zisizoeleweka: pensheni, kiwanja, mirathi. Régine alitangaza kwamba yeyote mwenye sanduku la namna hiyo amletee, atampangia bure. Akakaa Jumapili baada ya misa, akipanga karatasi za marehemu za watu asiowajua, hizi za serikali, hizi za kampuni, hizi za kutupa. Katika kila masanduku arobaini hivi alipata noti moja. Kazi nyingine zote thelathini na tisa zilikuwa sadaka, na hakuwahi kulalamika.

Tena alikuwa na sharti. Akiiona noti, alifungua kitabu cha mwalimu na kumwonyesha mwenyewe ni kitu gani. Kisha alisema, "Enda ukalale nayo. Kama kesho ungali unataka kuniachia, rudi." Hakuchukua noti siku ya kwanza, hata mwenyewe akilia shida. Na juu ya kila bahasha aliandika jina la aliyeibeba, alikotoka, na kitu ambacho noti ile ilishindwa kununua. *Mbuzi. Dawa ya jicho. Nusu ya mahari.* Nikwambie ukweli, nimezisoma bahasha zile na nimeona kwamba ni bora kuliko noti zenyewe.

Si kwamba kila safari ilizaa matunda. Mwaka mmoja alipanda lori kwenda Kasenga, kutwa nzima juu ya magunia, kwa sababu mtu alimwapia kwamba kuna rupia nyuma ya kioo cha shangazi yake. Kioo kikafunguliwa. Ilikuwa risiti ya kodi ya baiskeli. Régine alicheka na shangazi mpaka machozi, akanunua samaki wakavu, akarudi mjini ananuka kama soko.

Kulikuwa na aina moja tu ambayo hakuwahi kuigusa, nayo ni ile ya porini, ya herufi za muhuri. Katika kitabu cha mwalimu ukurasa wake ulikuwa umechakaa kuliko mingine yote kwa kufunguliwa.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua imetoka kunyesha, alikuja mwanamke wa miaka kama arobaini, kitenge chake kina matope ya njia ndefu. Jina lake Christiane. Alitokea Kilwa, ile ya Ziwa Mweru huku Kongo, siku tatu barabarani, na lori lao lilikuwa limelala mara mbili kwenye tope.

"Mama, bakoo," alisalimu. "Niko na kakintu ka bankambo, ka babu wetu. Nataka unifungie na plastique, mais pole pole."

"Leta nione, mama."

Christiane alifungua kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi ya daftari, ndani ya karatasi ya daftari, noti. Karatasi ya kahawia. Herufi zimegongwa kombo, moja juu, moja chini. Régine aliijua mara moja: ile ya porini. Miaka yote ile ya malori na masanduku, na leo inakuja yenyewe kwa miguu mpaka mezani kwake, tena inaomba kupitishwa kwenye mashine!

Hapo akakosea. Sharti lake la miaka yote alilisahau kama mtu anavyosahau sufuria motoni. "Utaniuzishia?" lilimtoka. "Loba, sema bei. Bei yoyote."

Ulimi uliponza kichwa. Christiane aliivuta noti kifuani.

"Sikukuya kuuzisha. Nilikuya kufunga plastique."

"Njo vile, ndiyo vile, unisamehe." Régine alivuta pumzi. "Mais usiifunge. Hii karata haitakiwe kupita mu machine. Itakufa."

"Ah bon? Sasa hivi ulitaka kuilipa bei yoyote, na sasa inakufa?" Christiane akacheka, lakini si kwa furaha. "Mama, niko muntu wa Kilwa, siko mujinga."

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililomchoma Régine. Weka mambo hayo mezani mbele ya mtu yeyote wa Lubumbashi: mwenye kibanda anataka kununua kitu chako, unakataa, ghafla anakwambia usikitengeneze. Hata padri angeshika mfuko wake. Isitoshe, Christiane hakuja kwa hiari yake peke yake. Mjomba wake Michée, aliyekuwa akiitunza noti ile kwenye paa la nyumba, alikuwa amefariki kabla ya Noeli, na walipoishusha walikuta mchwa wameshakula kona moja. Familia ilikaa kwenye matanga ikaamua: noti ya babu iende Lubumbashi, ifungwe plastiki, irudi. Kila mtu alichanga nauli. Mama yake Christiane, bibi Chilufya, ndiye aliyemkabidhi mkononi.

"Bote bananingojea," alisema Christiane. "Nikirudia bila plastique, nitabaambia nini? Kama mama moja wa ku komini alinikataza?"

Aligeuka. Hatua nne tu kutoka pale, Clément alikuwa ameshasimama na kanga ya kufutia meza mkononi.

"Kuya huku, mama! Régine leo anachagua kazi. Machine yangu iko inapata moto, dakika mbili byote binaisha."

Umeme ulikuwapo siku hiyo, bahati mbaya. Taa ya mashine ya Clément ilikuwa nyekundu. Ikigeuka kijani, iko tayari. Christiane aliilaza noti kati ya karatasi mbili za plastiki, akaipapasa inyooke.

Régine alijua afanye nini, na hakutaka. Alibaki amesimama nyuma ya meza yake, ameshika mkoba. Kisha akatoka, akaenda mpaka kwa Clément, akafungua kitabu cha misa na kutoa rupia ya babu yake mbele ya foleni nzima.

"Angalia," alimwambia Christiane. "Hii ni ya nkambo yangu. Alienda Tabora. Miye mwenyewe, na mikono yangu, njo niliifunga."

Christiane aliichukua akaigeuzageuza. "Mais iko muzuri! Inangaa. Njo vile nataka."

"Inangaa sawa maiti yenye kupakwa mafuta. Sahihi ilikuwa hapa, uone kama iko. Na ya kwako ni muhuri tupu, gundi itakunywa yote."

"Unasema tu, mama. Kila muntu anasema."

"Basi nitaifungua. Kama inatoka muzima, ufunge ya kwako kwa Clément, na miye nitakulipia nauli ya kurudia Kilwa. Kama haitoke, utaamini."

Watu kwenye foleni walisogea. Mtu alisema, "Mama Régine, usifanye." Hata Clément alikuwa ameacha utani. Wazee walisema mficha uchi hazai, lakini kusema ni rahisi. Kuvua nguo mbele ya komini nzima ni jambo jingine. Régine alichukua mkasi wa Clément. Nisikufiche, kuna kitu kidogo moyoni mwake kilichosadiki, kwa muda wa pumzi moja, kwamba labda mwalimu Edouard alikosea. Labda ingetoka nzima. Alikata ukingo wa juu, akakata wa upande, akaingiza ukucha, akavuta.

Noti iligawanyika. Uso ulibaki upande huu wa plastiki, mgongo upande ule, na katikati likadondoka vumbi la kahawia kwenye meza ya Clément. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Taa ya mashine iligeuka kijani, na Clément akanyoosha mkono akaizima bila kuambiwa na mtu.

Christiane aliitoa noti yake katikati ya plastiki, akaifunga ndani ya karatasi ya daftari, na karatasi ndani ya kitambaa. "Sasa nitabaambia nini ku nyumba?" aliuliza, na safari hii aliuliza kweli.

Régine alirudi kibandani kwake, akaleta bahasha mbili za karatasi kavu. Ya kwanza alimpa kwa ajili ya noti, akamweleza: ndani ya boksi la bati, mbali na paa, mbali na moshi, isishikwe na mikono yenye mafuta ya samaki. Ndani ya ya pili alitia vile vipande viwili vya plastiki vyenye babu yake kila upande. "Ubaonyeshe hii," alisema. "Bataelewa."

Christiane alizichukua zote mbili akaondoka. Hakusema asante. Régine alikaa kwenye kigoda chake akalia, waziwazi, kama mtoto, na Clément alihudumia foleni ya wateja wa Régine mpaka saa saba na pesa yote akamwekea mezani. "Uko na kichwa nguvu, Régine," alimwambia. Kutoka kwa Clément, hiyo ni heshima kubwa.

Miezi saba ilipita. Noti zake zilikuwa zile zile thelathini na mbili, na mkoba wake ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo haikumpendeza. Kisha, mwishoni mwa kiangazi, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili kimechanganyika na Kibemba. Ni Chilufya, mama yake Christiane. Familia inamaliza matanga ya Michée, kama desturi, vitu vya marehemu vinagawanywa, na yeye Régine anaombwa afike. Hakueleza kwa nini.

Régine alikwenda. Na kwa sababu nimeamua kumsifu sina budi kusema yote: alibeba akiba yake yote ya miaka minne ndani ya mkoba. Watu wanapogawana vitu vya marehemu, huwezi kujua. Hakuwa ameacha kuitaka noti ile hata siku moja. Njiani, juu ya lori, vumbi limemfunga macho, aliiona ndani ya bahasha yake ya thelathini na tatu, na alikuwa ameshachagua maneno ya kuandika juu.

Alipokelewa kama mgeni mkubwa. Walimpa maji ya kuoga, bukari, ndiyo ugali wa huku, na samaki wa ziwani waliovuliwa siku ile, kiti chenye mgongo. Baada ya chakula, watu walikaa uani. Nyavu za Michée zilikwenda kwa huyu, baiskeli kwa yule. Mwishoni Chilufya, mama mfupi mwenye macho makali, aliweka mapajani boksi la bati. Alilifungua: bahasha mbili, moja juu ya nyingine.

Hénoc, mtoto wa kwanza wa marehemu, alisimama. Alikuwa kijana wa heshima, na shida yake ilikuwa ya kweli: mtumbwi wa baba yake haukuwa na mota, na bila mota samaki wa mbali ni wa wengine. "Banasema ku Lubumbashi iko bantu ya kulipa hii karata bei nguvu," alisema. "Tuiuzishe. Nkambo alibeba mizigo ya Bazungu bure. Sasa atubebee siye kidogo."

Wengi waliitikia kwa kichwa. Nami ningeitikia.

Chilufya hakubishana naye. Alimgeukia mgeni. "Tulikuita juu ya ile. Ule mwenye kuua karata ya kwake juu ya yetu kuishi, iko na kinywa cha kuamua mu hii nyumba. Siye tulipatana: kama unasema tuuzishe, tutauzisha. Kama unakatala, itabakia. Loba, mama."

Uwanja mzima ulimtazama Régine. Aliushika mkoba kwa mikono miwili, juu ya magoti, na Christiane, aliyekuwa nyuma ya mama yake, aliinamisha kichwa. Neno moja tu, na lingekuwa neno la haki: wenyewe wanataka kuuza, yeye anataka kununua, Hénoc anapata mota yake. Hakuna ambaye angesema kwamba ameiba.

"Muntu wa kuilipa iko," alisema hatimaye. "Njo miye. Feza iko mu sac yangu, hapa, njo mana nilikuya nayo." Aliugonga mkoba kwa kidole. "Na miye njo nabaambia: musiuzishe. Hata kwangu. Hata nikikuya kulia hapa mbele ya mulango."

Kisha akafungua mkoba, akatoa akiba ya miaka minne, akamwita Hénoc, na kumuuliza mota ni bei gani.